Kuku wangu wa kienyeji wameisha kwa mara ya tatu. Nihamie kuku wa mayai?

Mshauri, salaam.

Naishi Mlandizi, nina watoto wawili na uwanja nyuma ya nyumba wa hatua kama 20 kwa 15. Nilikuwa na kuku wa kienyeji 31. Mwezi Oktoba walianza kuzubaa na kushusha mabawa, kinyesi kikawa cha kijani, wengine wakapinda shingo, na ndani ya siku sita nikabaki na wanne: mitetea watatu na jogoo. Niliwapa maji ya shubiri mwitu na pilipili, kisha unga wa OTC kutoka duka la dawa za mifugo. Havikusaidia. Hii ni mara ya tatu katika miaka minne.

Shemeji ananiambia niachane na kienyeji, nichukue vifaranga 200 wa kuku wa mayai kwa milioni moja na nusu ya mgao wangu wa vicoba. Mama mkwe naye hataki kusikia. Anasema kuku wa kisasa wanakuzwa kwa sindano, mayai yao ni meupe ndani na hayana nguvu, na wajukuu zake hawatayala. Mume wangu ameniachia niamue. Mimi nimefikiria ninunue kuku wa mayai 100, niwaachie uani pamoja na hawa wanne wachakure wenyewe, ili gharama ya chakula isinishinde. Je, nitakuwa nimekosea wapi?

Mama Wawili, Mlandizi

JIBU

Pole sana, Mama Wawili. Kuku 27 kwa siku sita ni hasara kubwa, na inauma zaidi kwa kuwa ugonjwa uliouelezea unazuilika kwa tone moja la chanjo. Tutalifikia hilo. Kwanza tuliangalie wazo lako la kuwachanganya, maana hapo ndipo pesa ya vicoba ingepotelea.

Kuku wa mayai amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili ale chakula kilichopimwa, akigeuze kuwa yai. Akitunzwa vizuri hutaga mayai 280 hadi 300 na kidogo kwa mwaka, na hula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Chukua 120. Banda likitaga kwa asilimia 80, trei moja ya mayai 30 inatokana na kilo 4.5 za chakula. Andika namba hiyo ukutani. Bei ya trei mnayouzia Mlandizi ikiwa haizidi bei ya kilo 4.5 za chakula na chenji ya kutosha juu yake, unafuga kwa hasara hata kama banda limejaa mayai. Utagaji ukishuka hadi asilimia 60, trei hiyohiyo inakula kilo 6.

Sasa muachie kuku huyo uani ajitafutie. Kuku 100 kwenye eneo lako watamaliza majani yote ndani ya wiki mbili tatu, ibaki vumbi. Wadudu na makombo watakayookota hayatoshi protini wala kalsiamu ya kutengeneza yai karibu kila siku, kwa hiyo mwili utaikopa kalsiamu kwenye mifupa. Utaona maganda laini, kisha mayai machache, kisha kuku wanaodonoana manyoya na kula mayai yao wenyewe. Wengi wao hawana tahadhari ya kumkimbia mwewe. Na hao wanne wako waliopona wanaweza kuwa bado wanatoa virusi kwenye kinyesi, mbali na utitiri na chawa watakaowaambukiza wageni.

Kosa la upande wa pili nalo hufanywa na wengi: kumfungia kienyeji bandani na kumlisha chakula cha dukani mwaka mzima. Kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, katika mizunguko mitatu minne ya mayai 10 hadi 15, kisha analalia. Akila gramu 90 kwa siku, mwaka mmoja ni kilo 33. Gawanya kwa mayai 50: trei moja inakula karibu kilo 20. Faida ya kienyeji haiko kwenye wingi wa mayai. Iko kwenye kujitafutia sehemu kubwa ya chakula, kulalia na kulea mwenyewe bila umeme, na kuuzwa akiwa hai kwa bei ambayo kuku wa nyama wa wiki sita haifikii.

Kuhusu 200 wa shemeji. Kifaranga wa kuku wa mayai anakula kilo 7 hadi 8 kabla ya kutaga yai la kwanza, kwenye wiki ya 18 hadi 20. Kuku 200 ni kilo 1,500, yaani mifuko 30 ya kilo 50, na katika muda wote huo hujauza hata yai moja. Kaulize bei ya mfuko leo, zidisha kwa 30, kisha ongeza vifaranga wenyewe, chanjo, maranda, vyombo na banda. Milioni moja na nusu haifiki kwenye yai la kwanza. Mfugaji anayeishiwa kwenye wiki ya 12 huanza kuchanganya pumba ili chakula kivute siku. Kuku wanadumaa, wanachelewa kutaga, mayai yanakuwa madogo, na mwisho wanauzwa kama kuku wa mchuzi kwa bei ya kutupa. Shemeji hana nia mbaya, ila hesabu yake imeanzia kwenye mayai, ikaruka miezi mitano ya mwanzo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: baki na kienyeji, lakini ufugaji wako ubadilike. Kilichokuangusha mara tatu ni kideri.

Kinyesi cha kijani, mabawa kushuka, shingo kupinda na vifo vya kundi kubwa kwa siku chache mwishoni mwa kiangazi ni dalili za kideri, wengine wakiita mdondo. Ni virusi. OTC ni antibayotiki, inaua bakteria, haigusi virusi. Shubiri na pilipili hazijakosa kufanya kazi kwa sababu ulizichanganya vibaya. Hazina uwezo wa kuzuia kideri. Kuku akishaugua hakuna dawa. Kinga ipo, na wewe unaishi jirani nayo: Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) inatengeneza Kibaha chanjo ya kideri ya aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine, ndiyo maana inafaa vijijini. Kuvumilia joto hakumaanishi kuiacha juani au kwenye kiti cha bodaboda. Ibebe kwenye chombo chenye ubaridi, imefungwa kwa kitambaa kilicholowa.

Namna ya kuchanja: mshike kuku ubavu mmoja ukiwa juu, shika kichupa wima, dondosha tone moja ndani ya jicho bila ncha kugusa, na usimwachie mpaka uone amefumba na kufumbua. Tone likimwagikia shavuni, rudia. Kifaranga na jogoo wote ni tone moja. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na hakikisha duru moja inaangukia kabla ya Agosti, maana mlipuko wa kwetu hupenda kipindi cha kuanzia hapo hadi mvua za vuli. Chanja kuku wazima tu. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo ukichanja siku ambayo jirani ameshaanza kuzika, baadhi ya wako watakuwa wameshaambukizwa, nawe utasema chanjo imewaua.

Hao wanne uliobakiwa nao wachanje pia. Banda lisafishe: fagia, choma maranda na matandiko ya viota, osha kwa sabuni, paka chokaa kuta na vichanja, acha jua liingie. Usilete kuku mpya kabla ya wiki nne tangu kifo cha mwisho. Wapya wachanjiwe hukohuko wanakotoka, wiki mbili kabla hujawachukua, kisha watenge siku 14 nyingine kwako. Na uwakwepe kuku wa bei chee sokoni wakati wa mlipuko. Wengi wao wanauzwa kwa sababu mwenyewe ameona mwenzao amekufa asubuhi.

Jambo la pili linalowamaliza kienyeji ni vifo vya vifaranga, nalo watu wamelizoea mpaka wanaliona la kawaida. Mtetea anatotoa kumi, baada ya miezi miwili anatembea na watatu. Kwa ukanda wetu wa Pwani mwizi mkubwa ni kunguru, akifuatiwa na mwewe na nguchiro. Dawa yake ni tenga. Mfunike mama na vifaranga vyake chini ya tenga kubwa au kizimba cha wavu kwa wiki nne za mwanzo, uwasogeze kila siku mahali pakavu penye kivuli, chakula na maji viwe humohumo. Maji yawe kwenye sahani ya kina kifupi yenye vijiwe ndani, kwani kifaranga wa siku tatu anazama kwenye bakuli la sentimita tano. Tenga likiinuliwa wakati wa kufagia, hesabu vifaranga kabla hujaweka kitu kingine mkononi. Kunguru anakaa juu ya paa akisubiri dakika hiyohiyo.

Ukitaka kuongeza idadi haraka, panga mitetea walalie mayai kwa pamoja. Mtetea wa kwanza akianza kulalia, muachie yai moja la zamani ulilolitia alama ya mkaa, wakati mayai ya kutotolesha unayahifadhi chumba cha baridi, ncha nyembamba ikiwa chini, yasizidi siku 7 hadi 10. Wa pili na wa tatu wakishatulia kwenye viota, wawekee wote usiku mmoja mayai 10 hadi 13 kila mmoja. Siku ya saba pima kwa tochi gizani: yai lenye mishipa kama mizizi myekundu linaendelea, lililo safi kama siku ya kwanza litoe, kwa sababu likibaki litakuwa viza na likipasuka litachafua mengine. Siku ya 21 wakitotoa, wape vifaranga wote mitetea wawili, uwaingize usiku chini ya mabawa. Wa tatu mtoe, mlishe vizuri, atarudi kutaga wiki chache baadaye badala ya kukaa miezi mitatu akilea.

Chakula cha nyongeza ndicho kinachotofautisha kienyeji anayetaga mizunguko mitatu na anayefikisha mitano. Anayechakura mpe gramu 30 hadi 50 jioni, ngumi moja ya mkono wa kawaida. Akipewa jioni, kuku anajifunza kurudi bandani mapema, nawe unawahesabu. Mchanganyiko wa kilo 100 unaoweza kuutengeneza mwenyewe: mahindi yaliyoparazwa kilo 45, pumba za mahindi 15, mashudu ya alizeti 20, dagaa waliosagwa 9, chokaa ya mifugo au maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa 8, unga wa mifupa 2, virutubisho vya kuku wanaotaga nusu kilo, chumvi nusu kilo. Hapo unapata protini ya takriban asilimia 16, na kalsiamu ya kutosha ganda gumu. Huo ni wa wanaotaga. Usiwape vifaranga, kwani kalsiamu hiyo inaharibu figo zao. Wao wanunulie chakula cha vifaranga kwa wiki nane. Ni kidogo, na hapo si pa kubana matumizi.

Wauzaji wa dagaa wa kuku huongeza uzito kwa mchanga. Kabla ya kununua kiroba, tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji na ukoroge: dagaa wanabaki juu au katikati, mchanga unatua chini kwa sekunde. Ukiona tabaka la mchanga, unalipia mchanga kwa bei ya dagaa. Mahindi na mashudu yenye ukungu usichukue hata kwa nusu bei. Sumukuvu huua vifaranga na kudumaza wakubwa, na haiondoki kwa kuanika.

Sasa mama mkwe. Mheshimu, kwa sababu ana ukweli ndani ya hofu yake, ingawa haupo alipouweka. Kuku wa nyama hufika kilo mbili kwa wiki tano au sita, lakini si kwa sababu ya sindano ya kukuza. Hakuna mfugaji anayeweza kumdunga kila kuku kila siku akabaki na faida. Ni uchaguzi wa mbegu uliofanywa tangu katikati ya karne iliyopita, pamoja na chakula kizito. Sindano na matone anayoyaona ni chanjo, ileile ninayokusihi uwape wako.

Kinachostahili hofu ni antibayotiki. Kwenye mabanda yenye msongamano, wafugaji huwapa kuku dawa bila ugonjwa kupimwa, kisha wanauza mayai siku hiyohiyo. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti, ambao mayai au nyama haviliwi. Nyingine zimeandikwa wazi kwamba zisitumike kabisa kwa kuku wanaotaga. Na hilo halichagui aina ya kuku. Ule unga wa OTC uliowapa kienyeji wako mwezi Oktoba unaacha mabaki kwenye mayai vilevile. Kama mitetea wale walikuwa wakitaga, mayai ya siku hizo hayakupaswa kwenda mezani.

Rangi ya kiini inatokana na majani na mahindi ya njano. Sisi tunalisha mahindi meupe na pumba, kwa hiyo kiini cha kuku wa bandani kinapauka. Protini iliyomo haijapungua, ukilinganisha mayai ya ukubwa mmoja. Yai la kuku anayekula majani na wadudu huweza kuwa na vitamini A na E zaidi, kwa hiyo bibi hajakosea kulipenda, lakini mtoto anayekula yai la kisasa kila siku analishwa vizuri kuliko anayesubiri la kienyeji mara moja kwa wiki. Kuku wa kienyeji naye ana hatari zake: akichakura jalalani penye betri na mafuta ya gari, vitu hivyo vinaingia kwenye yai. Mayai ya aina zote mbili, kwa watoto wadogo, yaive mpaka kiini kigande.

Utamu wa nyama ni jambo jingine, na hapo sitabishana na mama mkwe. Jogoo wa kienyeji anachinjwa akiwa na miezi sita hadi minane, ametembea maisha yake yote. Nyama imekaza na mchuzi una ladha. Anataka saa moja na nusu jikoni. Wa wiki sita akikaa nusu saa anaanza kuachana na mifupa.

Liko na suala la kuku mwenyewe, ambalo halikutajwa kwenye barua lakini litakufikia siku ukienda kununua vizimba vya chuma. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu vya kuku wa mayai, yaani visivyo na kiota wala kichanja, kuanzia Januari 1, 2012. Kabla ya hapo kila kuku alistahili angalau sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi moja ya A4. Hapo hawezi kukunjua bawa, kuoga vumbi wala kujificha kutaga. Vizimba vinauzwa sana sasa hapa nchini, na muuzaji atakwambia vinaokoa nafasi. Ni kweli vinaokoa. Kwa mfugaji wa kuku mia moja, sakafu ya maranda yenye kuku wanne kwa mita moja ya mraba, vichanja, na kiota kimoja kwa kuku watano inatosha kabisa, na kuku anaishi kama kuku. Sishauri vizimba.

Pesa yako ningeigawa hivi. Kwanza banda la kulala la mita 3 kwa 3, mabanzi au matofali hadi sentimita 60, juu wavu, paa la makuti, kwa sababu bati la Mlandizi mwezi Februari linapika kuku, na kuku mwenye joto hali chakula. Mgongo wa paa ulale kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisipige ndani. Kisha ongeza tembe saba wa kienyeji waliochanjwa, wafikie mitetea kumi kwa jogoo mmoja uliye naye. Huyo jogoo amepona kideri mwaka huu, usimchinje kwa sikukuu.

Watoto wakihitaji mayai mengi zaidi, chukua chotara kumi, Kuroiler au Sasso, waliokwishalelewa mpaka mwezi mmoja na kupata chanjo zao. Mtetea wake hutaga mayai kama 150 kwa mwaka au zaidi, kwa hiyo kumi wanakupa manne kwa siku. Wawekee uzio wao na banda lao. Wanakula kuliko kienyeji na wengi hawalalii. Wala usizalishe kutokana nao ukitarajia watoto walio kama mama, maana kizazi cha pili kinatawanyika, huyu mkubwa, huyu mdogo. Pesa itakayobaki iweke kama akiba ya chakula. Habari ya kuku wa mayai 100 tuizungumze baada ya mwaka, ukiwa na mifuko 15 ya kuwakuzia mkononi na mnunuzi wa trei mbili na nusu kila siku anayelipa taslimu.

Wiki hii anza na chanjo. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako, na kikishafunguliwa kinatumika siku hiyo, hakiwekwi kwa kesho. Zungumza na majirani wa pande zote nne, mchangie bei, mpange siku moja alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, mwite afisa mifugo wa kata awaonyeshe mara ya kwanza. Kuku wa jirani asiyechanja hula kwenye uwanja wako, na kideri huja naye. Andika tarehe ya siku hiyo mlangoni mwa banda kwa mkaa, na chini yake andika tarehe ya miezi mitatu mbele.